Injini Igongayo na Kunyamaza

Ugonjwa mgumu kuutambua ni ule unaojificha mara tu mgonjwa afikapo kwa daktari. Ndivyo lilivyokuwa gari la shule yetu, gari kuukuu la esanse. Katika tambarare ya Ruzizi lilikwenda kimya; likianza kuupanda mlima wa Ngomo kuelekea Bukavu, likagonga. Tukifika gereji, kimya tena. Fundi wa kwanza alisema injini imelika ndani, yapasa kufunguliwa yote, na shoferi ndiye aliyeiua kwa kutotazama oili. Gharama yake ingalitosha kuezeka madarasa mawili. Naye shoferi, baba wa watoto watano, alikuwa amekwisha ambiwa atafute kazi kwingine.

Tuliomba siku chache za kusikiliza. Mlio ujao na kwenda hujieleza kwa saa zake. Ukisikika asubuhi injini ingali baridi, kisha ukatoweka ikipata moto, mara nyingi ni pistoni iliyolegea kidogo katika silinda, kwa kuwa chuma chenye moto hutanuka. Mlio mwembamba kama wa cherehani, huenda ni valvu zinazotaka kurekebishwa. Lakini likiwa pigo zito litokalo chini, kama nyundo juu ya gogo, nalo likazidi oili inapokuwa moto na nyepesi, zima injini papo hapo: beringi za mkono wa pistoni zimelika, na kila mwendo wa ziada huharibu mhimili wenyewe.

Basi injini ikiwa moto, tukaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma na mpini wake sikioni. Tukachomoa nyaya za buji moja baada ya moja, kwa koleo lenye mpini wa mpira (umeme ule hauna mzaha). Maana palipo na beringi mbovu, silinda yake ikikosa cheche, pigo hupungua. Hatukusikia pigo zito lolote, na taa ya oili ilizimika upesi kama ipasavyo.

Ndipo tukapanda Ngomo pamoja na shoferi. Mlio ukaja, kama kokoto ndani ya kopo. Alipoweka gia ndogo na kulegeza mguu, ukakoma. Hapo chuma hakikugonga chuma: esanse ilikuwa ikijiwakia yenyewe kwa joto na mkandamizo, kabla moto wa buji haujaifikia. Wala msidhani huo ni mchezo. Ukiachwa muda mrefu hutoboa pistoni.

Lakini mbona wiki nyingine gari lilipanda mlima huo huo bila mlio?

“Mwalimu, tazama hapa,” akasema shoferi, akatoa daftari. Alikuwa ameandika kila lita na mahali ilipotoka. Siku za kugonga zilifuata siku alizonunua esanse ya chupa kando ya njia, vituo vikiwa vitupu. Tulidondosha tone la esanse hiyo juu ya karatasi. Likakauka, likaacha doa la mafuta. Ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa, nayo hujiwakia upesi. Fundi wa pili aliona pia kwamba cheche imetegwa mapema mno, akairudisha mahali pake.

Tangi likamwagwa, likatiwa esanse safi. Jumamosi ile gari lilipanda Ngomo na magunia sita ya unga wa muhogo, kimya. Shoferi yungali kazini. Ameomba shule imnunulie daftari jingine, kwa kuwa lile la kwanza limejaa.