Kahawa Niliyoificha Kliniki

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa na wiki 14 nilipoanza kliniki mjini Mwanza. Nesi alinipima presha na uzito, akanitoboa kidole kuangalia wingi wa damu, kisha akauliza huku akijaza kadi: “Mama, chai na kahawa unatumiaje?” Nikamjibu, “Kikombe kimoja cha kahawa asubuhi, nesi.” Nilikuwa namdanganya, na nilijua.

Mimi ni mzaliwa wa Muleba, mkoani Kagera. Kwetu kahawa hainywewi tu, hutafunwa pia. Matunda yake huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, na mgeni akiingia hukaribishwa kwa kahawa hiyo ya kutafuna, ambayo sisi huiita akamwani. Mama alikuwa akinitumia kifurushi kwa basi kila mwezi. Nilifundisha darasa la tatu, na usingizi wa mimba changa ulinielemea hata nikiwa nimesimama ubaoni. Basi nikawa natafuna: punje kadhaa kabla ya kipindi cha kwanza, nyingine wakati wa mapumziko, nyingine jioni nikisahihisha madaftari. Chai ya rangi ya saa nne ofisini nayo sikuihesabu. Kwangu mimi, kahawa ilikuwa kile kikombe cha asubuhi tu.

Kahawa inayolimwa zaidi kwetu ni robusta, ambayo kafeini yake ni karibu mara mbili ya ile ya arabika. Shirika la Afya Duniani linamshauri mjamzito anayezidisha miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze, kwa sababu kiasi hicho huweza kuongeza hatari ya mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito pungufu. Uingereza wameweka kikomo cha miligramu 200. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kuyeyuka papo hapo huwa na kama 100, cha chai kama 75. Mimba ikikua, mwili wa mama huchelewa sana kuiondoa kafeini. Nayo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, ambaye ini lake bado halina uwezo wa kuivunja. Nilichotafuna saa tatu asubuhi, mwanangu alikuwa bado nacho usiku.

Hilo si lote. Vidonge vya kuongeza damu nilivimeza kila siku bila kukosa, ila nilivimeza kwa kahawa. Kahawa na chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Kwenye wiki ya 28 damu yangu ilikuwa 9.1, wakati mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Nesi alishtuka. “Vidonge unameza, mama?” Nikasema nameza, na hilo lilikuwa kweli. Akanipima malaria, akanipa dawa ya minyoo, akanihoji kuhusu mboga za majani na dagaa. Alihangaika kutafuta sababu, na kifurushi cha akamwani kilikuwa mkobani mwangu, pamoja na vile vidonge, juu ya mapaja yangu. Hata hapo sikusema. Niliona haya kurudi nyuma na kukiri kwamba jibu la kwanza halikuwa la kweli.

Mwanangu alizaliwa na kilo 2.3. Mtoto aliye chini ya 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Hakuna daktari anayeweza kumshika mtoto mmoja na kusema hii ni kazi ya kahawa, kwani yapo mengi yanayopunguza uzito. Lakini mimi nilimnyima nesi nafasi ya kulipunguza hata hilo moja.

Mimba ya pili nilimwambia nesi mwingine kila kitu, mpaka idadi ya punje. Hakunigombeza. Tulikubaliana kikombe kimoja kidogo kwa siku, vidonge nimeze kwa maji mbali kabisa na chai, na akamwani ingoje. Nilimpigia mama simu nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, “Mwanangu, mbona hukuniambia tangu mwanzo?” Mwezi uliofuata basi lilileta senene.

Yule nesi wa kwanza alihamishwa kabla sijajifungua, na sikumwona tena. Dada, kama maandishi haya yatakufikia, naomba unisamehe. Ulichoandika kwenye kadi yangu siku ile hakikuwa kweli, na kosa halikuwa lako.