Nani Acheze Mchezo wa Majaribio?

Mimi ni katibu wa timu ya mpira wa miguu ya shule yetu hapa Biharamulo, na cheo hiki hakina fahari kubwa, maana kazi yake ni kutunza daftari la majina, kuhesabu jezi zikitoka na zikirudi, na kulaumiwa mpira ukipotea. Lakini mwaka huu daftari hilo limeleta ubishi mwingi mabwenini kuliko magoli yote tuliyofunga, nami nimeona yafaa niwaeleze wasomaji wa gazeti letu, hasa wazazi, jinsi mambo yalivyokuwa.

Wengi wajua kwamba mashindano ya UMISSETA yana kanuni. Mchezaji sharti awe mwanafunzi wa shule anayoichezea, na majina hukaguliwa, kwa kuwa safari huanzia shuleni, ikapita wilayani na mkoani, hata ikafika taifa, kama ilivyokuwa Mtwara mwaka 2021 na Tabora mwaka 2022. Wateule huenda tena kupambana na shule za majirani zetu wa Afrika Mashariki. Mwaka 2022 walikutana Arusha, na mwaka 2023 Huye, katika nchi ya Rwanda. Huko hata umri huulizwa. Lakini mchezo wa majaribio wa Jumamosi jioni, baina ya shule na jirani yake, hauna kikombe wala mkaguzi. Kila mtu husema, "Ni majaribio tu."

Basi katika muhula wa kwanza walikuja wageni kwa lori. Shule yao siitaji. Katikati ya uwanja walimweka mtu mwenye ndevu, mpole wa maneno lakini mzito wa miguu. Tulicheka tulipowasikia watoto wa kijijini, waliokuja kutazama, wakimwamkia "Shikamoo" alipokwenda pembeni kurusha mpira. Kipindi cha pili hatukucheka. Alimwangukia winga wetu wa kushoto, kijana wa kidato cha pili, na mkono wa kijana ukavunjika juu ya kiwiko. Akalazwa hospitali, akakosa mitihani ya katikati ya muhula.

Baba yake alikuja kutoka Ngara, akipitia Benaco, Nyakahura na Lusahunga, akafika jioni amechoka sana. Hakugomba. Aliuliza jambo moja tu, mbele ya Mwalimu wa Michezo na sisi wachache tuliokwenda kumpokea: "Waalimu, huyo aliyemwumiza mwanangu ni mwanafunzi wa darasa gani?"

Hapakuwa na wa kumjibu. Wageni wale walipoulizwa baadaye walikiri kwamba mtu yule alikwisha maliza shule zamani, na aliitwa kujaza nafasi. Mzee alipoambiwa hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Angekuwa mtoto mwenzake ningesema ni mchezo."

Ndipo Mwalimu alipoweka kanuni yetu. Kabla ya mchezo wowote na shule nyingine, hata wa majaribio, makatibu wawili hubadilishana orodha za majina zilizotiwa sahihi na wakuu wa shule, na asiyekuwamo katika rejesta haingii uwanjani. Wote tulishangilia. Kisha kanuni ile ikamkamata kipa wetu.

Kipa huyu alihamia kwetu mwezi wa Januari kutoka shule moja ya Ngara, na karatasi zake za uhamisho zikakawia katika ofisi fulani. Alilala bwenini mwetu, akala ugali na maharage yetu, akaamshwa na kengele ile ile, ila jina lake halikuwa katika rejesta. Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia. Aliyeshika nafasi yake aliruhusu magoli manne mchana mmoja.

Nilikwenda maktaba kutafuta hoja, nikakutana na habari za Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, ng'ambo ya ziwa letu. Alikuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, na mwaka 1980 alipata medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow, akiwa na miaka 27. Baadhi ya Wamarekani walinung'unika kwamba vijana wao wadogo washindana na watu wazima kutoka Afrika, na kanuni ikawekwa kwamba mashindano ya baada ya umri wa miaka 20 yapunguze misimu minne ambayo mwanachuo aliruhusiwa kushindana. Tena kwa miaka mingi vyuo vya huko vilikuwa na kanuni kwamba mchezaji akicheza hata dakika moja dhidi ya timu ya nje, aliweza kuhesabiwa amemaliza msimu mzima, isipokuwa michezo iliyotengwa. Lakini kufanya mazoezi na wenzake hakukuhesabiwa kitu.

Hilo nililichukua mbio kwa Mwalimu. Akakubali kipa afanye mazoezi nasi siku zote, ila michezo na wageni asicheze. Nikabisha kwamba wachaguzi wa timu ya wilaya hutazama michezo, hawatazami mazoezi. Akaniuliza, "Je, akivunjika mkono yeye, nami nikiulizwa ni mwanafunzi wa darasa gani, nionyeshe rejesta ipi?"

Sikuwa na jibu, wala sina hata leo. Hata hivyo naona kwamba mwenye ndevu na mwenye karatasi zilizokawia si watu wa namna moja, na kama watu wazima wangezifuata karatasi zile kwa bidii tuliyoufuata mpira, kipa angecheza mwezi wa tatu. Zilifika mwezi wa Juni, timu ya wilaya imekwisha chaguliwa. Yeye yu kidato cha tatu, atajaribu tena mwakani. Winga amepona, ila bado aogopa kurusha mpira kwa nguvu.

Daftari nitalikabidhi mwezi wa Septemba, kabla sisi wa kidato cha nne hatujazama katika mitihani. Anayelitaka amwone Mwalimu wa Michezo, na awe na mwandiko unaosomeka.