Ndani ya Mshono wa Kompyuta

Mdogo wangu wa kike ana kazi ya kujitolea: watu huandika programu za Linux, ule mfumo alioanzisha Linus Torvalds mwaka 1991, naye huzisoma mstari kwa mstari kabla hazijapokelewa. Sasa anakagua draiva ya itheneti, yaani maagizo yanayouwezesha mfumo kuongea na kifaa kidogo, kama kile cha ndani ya rauta, kinachopitisha data kwenye waya.

Miye fundi cherehani, nikadhani anatazama kama inafanya kazi, basi. Kumbe anaigeuza ndani nje, kama ninavyoligeuza gauni la biharusi.

Kinachomchelewesha ni pale mambo yanapokwama. Draiva ikianza huomba kumbukumbu, huwasha kifaa, kisha huomba kuarifiwa data ikifika. Hatua ya tatu ikishindwa, zile mbili lazima zifumuliwe kinyumenyume, ya pili kwanza. Ikisahaulika moja, kumbukumbu inabaki imeshikwa na haina mwenyewe. Na huioni kwa kujaribu, maana siku nyingi hatua hiyo haishindwi kabisa! Halafu kosa la huko kwenye kiini cha mfumo laweza kukizima kifaa kizima.

Akiridhika, jina lake huandikwa pale pale kuwa kakagua. Hiyo kwangu ni amana hasa.

Juzi kairudisha kazi mara ya tatu, mwandishi kanuna. Nikamwambia ampitishie. “Dada, watakaoitumia hawanijui. Wana jina langu tu.”

Ya nne imeshafika. Bado anaisoma.