Kushuka Ziwani: Adabu za Mwalo wa Kasenyi

Bahari ya chumvi iko mbali nasi tukaao Bambu, katika vilima vya dhahabu. Hata hivyo samaki wa chumvi, yaani makayabo, twamjua sana, naye hutoka Ziwa Albert. Watoto wetu humla wasijue alivyopatikana. Kwa hiyo twapenda kuwaongoza wasomaji mpaka ufukoni.

Kutoka Bambu twaenda kwanza Bunia, mji ulioinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Toka hapo njia hushuka hadi Kasenyi, maana ziwa limelala kwenye kimo cha mita 620 hivi. Joto humpokea mgeni kabla hajagusa maji. Ng'ambo ni Uganda. Hapo kale meli ilivuka kutoka Butiaba, lakini maji yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 bandari ile iliharibika.

Mwaloni mwenye amri ni upepo. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, basi hewa huvuma kutoka ziwani. Usiku hugeuka, ikashuka toka milimani. Tufani nayo haibishi hodi. Nahodha akitazama mawingu na kusema hatuondoki, abiria hana ruhusa ya kumshawishi kwa fedha. Mnamo Machi 2014 chombo kilichojaa wakimbizi waliokuwa wakirudi Kongo kutoka Uganda kilipinduka, wakafa watu zaidi ya 100. Tangu hapo, mtu akiwahesabu abiria kwa sauti kubwa, nani atamwita mkorofi?

Adabu nyingine ni za nchi kavu. Mgeni husalimu wazee kwanza, ndipo aulize bei. Nyavu zilizotandazwa hazirukwi wala hazikanyagwi, kwa maana uzi mmoja ukikatika ni tundu la kutorokea samaki. Chombo kirudicho na mzigo huachiwa nafasi ya kutia gati, hata kama wewe ulitangulia kungoja. Mpaka wa nchi mbili nao wapita katikati ya maji, pasipo alama. Wavuvi wengi wa upande wetu wamekamatwa kwa kuuvuka, nao walikuwa wakifuata nyavu zao tu.

Lakini lililo zito kuliko yote ni juya livutwalo karibu na ufuko. Hukokota kila kitu, hata vitoto vya ngege na sangara. Sangara, ambaye wengi kwetu humwita kapiteni, aweza kupita kilo 100. Basi aliye sawa na kiganja ni mtoto mchanga. Twafahamu kwamba tangu 2017 machafuko ya Djugu yamewatoa wengi mashambani, na mwenye njaa hapimi samaki kwa rula. Hata hivyo mama anunuaye sokoni anao uwezo ambao askari wa ziwa hana: aweza kukiacha kile kidogo mezani kwa mchuuzi. Wale muziri wavuliwao usiku kwa taa ni neno jingine, maana wao ni wadogo kwa asili yao.

Na makayabo yenyewe, kwa wale wasiozoea: yaloweshwe usiku kucha, maji ya kwanza yamwagwe, ndipo yatiwe chunguni pamoja na nyanya na vitunguu, bila chumvi nyingine.