Mgeni Akishaketi

Kwa miaka mitatu nilimhudumia mzee mmoja hapa Minnesota, zamu ya usiku. Ni kazi tunayoifanya wengi tuliokuja huku: kumpa dawa kwa wakati, kumgeuza ubavu, kumshika mkono akienda msalani. Ikifika saa 4:35 usiku alitaka runinga iwe imewashwa, na mimi niwe nimeketi. Hakupenda nisimame. Hivyo ndivyo nilivyovijua vipindi vya usiku vya Wamarekani, nikiwa kando ya mtu aliyevitazama tangu ujana wake na mwenye neno la kusema juu ya kila mtangazaji.

Wake alikuwa Johnny Carson. Carson aliendesha The Tonight Show ya NBC kuanzia Oktoba 1962 hadi Mei 1992, na hadi leo kuna stesheni inayorudia vipindi vyake, kwa hiyo mzee hakuwa amemkosa. Anatokea nyuma ya pazia, anasimama mbele ya watu bila papara, anaanza utani wa habari za siku ile. Utani ukianguka, watu wasicheke, hakimbilii mwingine. Anauacha palepale chini, anainua nyusi, anawatazama, na hapo ndipo ukumbi mzima unaangua kicheko. Mzee wangu alicheka kabla ya ukumbi kucheka, maana alikwishajua.

Mimi nilichokipenda ni kochi. Mgeni wa kwanza akimaliza zamu yake haondoki. Anasogea, anampisha wa pili, na akija wa tatu wote wanasogea tena. Hadi mwaka 1980 kipindi kile kilikuwa cha dakika 90, kwa hiyo nafasi ilikuwepo ya mtu kukaa akasikiliza ya mwenzake na kuchomeka neno. Nilikumbuka baraza la babu yangu Tanga baada ya sala ya isha: anayekuja anasogezewa, buli la kahawa linazunguka, na mazungumzo hayaanzi upya kwa ajili yake, anayadakia yalipofika. Kochi la Carson lilikuwa na heshima yake pia. Mchekeshaji kijana akimaliza vichekesho vyake jukwaani, akaitwa kwa mkono aje aketi, kesho yake simu zilikuwa zinaita. Wasioitwa walilijua hilo wakiwa bado wamesimama pale.

Siku hizi kochi lipo lakini muda haupo. Kipindi ni saa moja, toa matangazo, toa utani wa mwanzo, toa bendi. Mgeni anabaki na dakika chache na filamu yake ya kutangaza, tena kisa atakachosimulia amekwisha kukipitia na mtayarishaji kabla ya kipindi. Mtangazaji anauliza akiwa na jibu kwenye kadi. Jimmy Fallon, aliyekipokea kiti cha Carson mwaka 2014, amelitatua hilo kwa michezo: mgeni anaimba, anajipasulia mayai kichwani, anashindana naye, na asubuhi vipande vinasambaa mitandaoni. Ana furaha ya kweli, simpunguzii. Ila ukizima runinga hujui mgeni yule ni mtu wa namna gani. Seth Meyers ameacha hata kusimama. Anaanzia mezani kama msoma habari na kuichambua siasa ya wiki hiyo kwa kirefu, na kwangu huyo ndiye anayetunga vizuri kuliko wote. Jimmy Kimmel ana ukali wa utani wa kijiweni, lakini Mei 2017 alisimama mbele ya watu akilia, akaeleza jinsi mwanawe mchanga alivyopasuliwa moyo, kisha akasema juu ya wazazi wasio na bima. Usiku ule hakuwa na haja ya mgeni.

Mtu aliyenifundisha maana ya kazi ya kuhoji ni Stephen Colbert. Septemba 2015, wiki yake ya kwanza kwenye The Late Show ya CBS, mgeni alikuwa Joe Biden, makamu wa rais wakati huo, aliyemzika mwanawe Beau miezi michache nyuma. Colbert mwenyewe alifiwa na baba na kaka zake wawili kwenye ajali ya ndege mwaka 1974, akiwa na miaka 10. Itazame video ile usikilize ukimya uliomo. Biden anatafuta neno, na Colbert hamtafutii. Hana kadi, hana mzaha wa kuokoa hali. Anangoja kama tunavyongoja msibani, pale unapokaa na mfiwa bila kumwambia lolote.

Sasa nije nyumbani. Sisi utaratibu wetu umegeuka: kwao mtangazaji ndiye kipindi na mgeni anapita, kwetu mgeni ndiye kipindi. Salama Jabir alilielewa hili mapema alipoendesha Mkasi ya EATV. Mandhari yalikuwa ya saluni, na kila Mswahili anajua kwamba kwenye kiti cha kinyozi mtu husema asiyoyasema kwingine. Swali la Salama ni fupi. Hapandishi sauti, wala hacheki ili apendwe. Msanii aliyekuja na majibu ya kuringa anajikuta baada ya robo saa anaongea kawaida, kama anavyoongea na dada yake. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, Jeff Koinange, aliyewahi kuripoti Afrika kwa CNN, ni kinyume chake: anampokea mgeni kwa sauti kubwa, kama anayetangaza ndondi. Na Daniel Ndambuki, maarufu kama Churchill, ndiye aliye karibu zaidi na Carson kwa jambo moja kubwa. Jukwaa lake limewatoa wachekeshaji wengi wa Kenya ambao leo wanajaza kumbi kwa majina yao wenyewe.

Tulichonacho ni muda, na tunauchezea. Ninatazama mahojiano ya nyumbani kila Jumamosi nikiwa napika, na moyo unauma. Mgeni amepewa saa nzima, ameanza kueleza namna alivyoacha shule, na mtangazaji anamkatiza ili amuulize anatoka na nani. Wanatafuta ubuyu, kiki ipatikane, kichwa cha habari kiwekwe YouTube. Na akija mkubwa, tunageuka. Shikamoo ni yake, apewe, ni haki yake na ni malezi yetu. Lakini baada ya shikamoo maswali yaje. Nimeshuhudia nusu saa nzima ya "Mheshimiwa, tuelezee mafanikio."

Wala si kweli kwamba utamaduni wetu hauwezi kumtania mkubwa. Kenya ya Moi ilikuwa na Redykyulass, vijana watatu, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliomwigiza rais kwenye runinga wakati wazazi wao walizoea kulitaja jina lake kwa kunong'ona. Watu walicheka kwa hofu kwanza, kisha wakazoea kucheka. Kiarie leo ni mbunge.

Ambacho kweli hatuna ni watu wa nyuma ya pazia. Mei 2023 waandishi wa filamu na runinga wa Marekani walipogoma, vipindi vya usiku vilizima mara moja na havikurudi hadi Oktoba. Nilistaajabu. Nilidhani maneno ni ya mtu yule aliyesimama na suti, kumbe kuna chumba kizima cha watu wanaoanza kuandika asubuhi. Mtangazaji wa kwetu anatafuta wageni, anatunga maswali, anatafuta wadhamini na mara nyingine anahariri mwenyewe usiku. Nikimlaumu kwa kukatiza mgeni, niseme na hili.

Huku nako mambo yanapungua. Julai 2025 CBS ilitangaza kwamba itaifunga The Late Show Mei 2026, ikasema sababu ni fedha.

Mzee wangu hakulifikia tangazo hilo. Usiku mmoja wa baridi kali umeme wa mtaa ulikatika, akaniomba nimwonyeshe chochote kwenye simu. Nilikuwa na mahojiano ya nyumbani niliyokuwa nimeyapakua, msanii mmoja wa makamo anaeleza alivyolelewa na bibi yake. Mzee hakujua Kiswahili hata neno moja. Alitazama kwa dakika kama ishirini, kisha akauliza yule mwanamke anayehoji amesema nini muda wote huo, maana hajamwona akifungua mdomo. Nikamwambia ameuliza swali moja tu, bibi alikuwa anapika nini.

"Mwache," akasema nilipotaka kuzima ili nitunze chaji. "Hajamaliza kuongea."