Ubeti Niliokomea

Binti yangu ndiye aliyeniwekea filamu hiyo, na hakuondoka sebuleni ilipofika mahali ambapo mimi nilitamani aondoke. Ni filamu ya makala ya mwaka 2016 kuhusu Robert Mapplethorpe, mpiga picha wa Marekani aliyefariki kwa UKIMWI mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 42. Jina lake linawataka watu wazitazame picha, nalo limetokana na maneno ya Seneta Jesse Helms, ambaye aliamini kuwa kuziona tu kulitosha kuzihukumu. Watengenezaji wa filamu wakamtii. Wanazionyesha bila kuzifunika: maua, miili ya wanaume, na matendo ambayo sitayaandika hapa, yote katika mwanga uleule mtulivu.

Mwaka 1990 mkurugenzi wa jumba la sanaa la Cincinnati alishtakiwa kwa ajili ya picha saba kati ya 175 zilizokuwa katika maonyesho. Raia wa kawaida walioketi kuamua kesi walizitazama, wakawasikiliza wajuzi, wakamwachia huru. Sheria haikuwauliza kama walizipenda. Iliwauliza kama zilikuwa na thamani ya sanaa.

Hapo nilimkumbuka mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, zamani sana, aliyeniletea shairi la kumsifu mpenzi. Mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho vimetulia. Alifuata desturi tunayoijua sote: alianza na nywele, akashuka usoni, shingoni, kifuani. Ubeti wa tano ulifika kiunoni. Niliandika “Matusi” kwa wino mwekundu, nikalichana shairi mbele ya darasa. Beti zilikuwa tisa. Nne za mwisho sikuzisoma, naye hakuniletea tena utungo wowote.

Na tusijifanye watakatifu, ndugu malenga. Wiki hiyohiyo huenda nilikuwa nikifafanua mafumbo ya mahaba ubaoni. Ushairi wetu umejaa maembe yasiyo maembe na visima visivyo visima, nasi huyafundisha kwa uso mkavu.

Sisemi kwamba filamu ilinifanya nimpende Mapplethorpe. Iko picha yake ya mwaka 1980 ya mwanamume mweusi aliyevaa suti. Zipu imefunguliwa, uchi wake uko nje, na kichwa kimekatwa na ukingo wa picha. Wakosoaji weusi wameilalamikia kwa miaka mingi, nami naungana nao. Uchi nilishauzoea kufikia hapo. Kilichonikera ni kukosa uso. Mtu mzima amepunguzwa akawa kiungo na kitambaa. Mwanafunzi wangu hakumfanyia mpenzi wake hivyo. Kabla ya kukifikia kiuno alikuwa amekwisha kutuonyesha macho, na beti nzima aliitumia kwa ajili ya macho hayo.

Filamu ilipokwisha, binti yangu aliniuliza nimeionaje. Nilisifu mwanga, kisha nikamsimulia habari ya lile shairi, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu nyumbani.

“Sasa, baba, beti zilizobaki zilisema nini?”

Nikamwambia kwamba kwa desturi angeshuka hadi nyayoni, na kwamba ubeti wa tisa ungekuwa kaditama, ambamo mtunzi hutaja jina lake.

“Aliitwa nani?”

Nilijaribu kulikumbuka hadi alipoinuka kuzima taa.