Mti aliouacha baba

MWISHONI mwa Juni 2021, joto lisilo la kawaida liliukumba mji wa Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Huo ni mji uliozoea mvua na baridi. Juni 28 kipimo kilivuka nyuzi joto 46, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa mjini humo.

Katika nyumba moja, mama mzaliwa wa Muheza, Tanga, aliwalaza wanawe wawili sakafuni sebuleni, feni ikipuliza juu ya beseni la barafu. Joto lilipopungua akafungua pazia, akauona mti wa bustanini. Majani yake yenye rangi ya damu ya mzee yalikuwa yamekauka na kujikunja kama tumbaku.

Mti huo ni mepo ya Kijapani. Ni ndugu wa ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, ila huu ni mdogo na majani yake yamegawanyika kama vidole. Wajapani huuita momiji, na viganja vya mtoto mchanga huvifananisha na majani yake.

Mumewe aliupanda Oktoba 2016, wiki aliyozaliwa binti yao. Ulikuwa na urefu usiofika mita moja. Alichuma jani, akaliweka kwenye kiganja cha mtoto na kupiga picha. Novemba 2020 baba huyo alifariki dunia.

Kwa hiyo siku ile mama hakuona majani makavu tu.

Alifanya kila alichoweza. Alimwagilia asubuhi, mchana na jioni. Alinunua mfuko wa mbolea, akaumwaga wote kuzunguka shina. Siku zilipita, mti ukazidi kunyong'onyea.

Ndani ya nyumba kulikuwa na mwingine aliyenyong'onyea. Mtoto wake wa kiume, mwenye miaka 14, alikuwa haongei tangu msiba. Akiulizwa hujibu "ndiyo" au "hapana", kisha hurudi chumbani. Mama alimwandikisha mpira, kuogelea na masomo ya ziada. Kila baada ya muda aligonga mlango: "Umekula? Unawaza nini? Mbona huniambii?"

Jioni moja, saa mbili za usiku Portland, ambako Muheza kulikuwa kunapambazuka, alimpigia simu mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeshindaje huko?"

Alianza na habari za joto, akamalizia kwa kulia kuhusu mti. Bibi, ambaye ameishi na michungwa maisha yake yote, alisikiliza mpaka mwisho.

"Chomeka kidole kwenye udongo."

Kidole kilizama kwenye tope.

"Umeuzamisha, mwanangu. Mizizi nayo inataka pumzi. Na hiyo mbolea iondoe. Mgonjwa wa homa humlishi pilau. Mti ukiungua na jua, upe kivuli kwanza." Kisha akauliza, "Na mume wangu hajambo? Mbona simsikii?"

Mama akaeleza: mpira, kuogelea, masomo, maswali. Bibi alikaa kimya kidogo.

"Mpe kazi ya mikono, mkae pamoja. Ila wewe usiulize kitu."

Jumamosi iliyofuata mama alimwita mwanawe. "Baba, njoo unisaidie."

Walikwangua mbolea iliyobaki juu ya udongo. Walisimamisha fito mbili upande wa magharibi, wakatundika khanga kuukuu kukinga jua la alasiri. Walitandaza vipande vya magome ya miti, unene wa sentimita saba hivi, kuhifadhi unyevu, kwani mizizi ya mepo haiendi chini sana. Waliacha nafasi kuzunguka shina, maana magome yakiligusa huliozesha. Majani makavu hawakuyang'oa. Bado yalikuwa yakiyakinga matawi na jua. Tangu siku hiyo maji yalimwagwa taratibu, asubuhi, na pale tu kidole kilipokuta udongo umekauka.

Mama alijizuia kuuliza. Haikuwa rahisi.

Kisha kijana alikwangua gome la tawi kwa ukucha. Chini yake kulikuwa kijani. Akajaribu la pili, kijani. La tatu lilikuwa kahawia, kavu mpaka ndani.

"Hili limekufa," alisema. "Mengine yako hai." Akanyamaza, halafu akaongeza: "Baba alisema mti huu unapenda jua la asubuhi. Ndiyo maana aliupanda upande huu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja baba yake tangu mazishi. Mama aliendelea kushika ndoo, hakusema neno. Kijana akaendelea mwenyewe: siku waliyochimba shimo, jinsi jembe lilivyogonga jiwe, jinsi baba alivyocheka.

Masomo ya ziada na kuogelea vikaachwa. Mshauri wa shule alibaki, na mpira, kwa kuwa kijana mwenyewe aliutaka. Siku nyingine bado alijifungia chumbani. Jumamosi hakukosa bustanini.

Katikati ya Agosti vichomozi vyekundu vilitokeza kwenye matawi. Majani yaliyofuata yalikuwa madogo na machache, lakini yalikuwa majani.

Lile tawi lililokufa liliachwa mpaka majira ya baridi, mti ulipolala. Mepo ikikatwa wakati wa kuchipua hutoa utomvu mwingi. Kijana ndiye aliyeshika msumeno. Upande ule mpaka leo una pengo, na mti hukua polepole, hivyo litachukua miaka kuzibika.

Kila kiangazi khanga hutundikwa tena kabla joto halijapanda. Na kila Oktoba, majani yanapowaka wekundu kabla ya kupukutika, binti huchuma moja na kuliweka kiganjani, kaka yake akimpiga picha. Picha ya kwanza, aliyopiga baba, iko ukutani. Humo jani limefunika mkono wote wa mtoto. Siku hizi mkono ndio unaofunika jani.